Bunduki ya Kijana Mpiga Shabaha: Mzazi Achague Nini?

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Walikuwa na maana yao, kwamba mkaidi hufunzwa na maumivu yake mwenyewe. Lakini wembe hukata kidole, na kidole hupona baada ya juma moja. Bunduki haina somo la namna hiyo. Kijana wa nyumbani anapolilia bunduki, hata kama anailia kwa nia njema ya michezo, hapana budi methali hiyo iwekwe kando, na wazazi wakae chini wafikiri kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Jambo hili si geni katika familia za askari. Katika kata ya Sikuda wilayani Busia, katika nyumba za polisi za mjini Busia, na katika kambi ya Rubongi kule Tororo, watoto hukua wakiiona silaha tangu wakiwa wadogo. Humwona baba akienda lindo nayo, na humwona mama akiwafukuza watoto wasiisogelee. Si ajabu basi kwamba baadhi yao, wakifika umri wa miaka 13 au 14 na kusikia habari za mashindano ya kuvunja sahani angani, huvutiwa na kutaka kujaribu. Mzazi asiyeujua mchezo huo aghalabu hufanya moja ya makosa mawili: hukataa kwa ukali bila ya kueleza sababu, au hutafuta bunduki yoyote iliyo rahisi akampa mtoto. Kosa la pili ndilo kubwa zaidi.

MCHEZO WENYEWE

Zamani mchezo huu ulikuwa wa kuwapiga njiwa walio hai. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai walipigwa. Baadaye watu waliona kwamba huo ulikuwa ukatili usio na maana. Kabla ya hapo walikwisha kujaribu mipira ya kioo iliyorushwa hewani, lakini vigae vyake viliharibu mashamba. Mwaka 1880 George Ligowsky, Mmarekani wa mji wa Cincinnati, alipata hataza ya sahani ndogo ya udongo inayoruka kwa kuzunguka. Sahani za siku hizi hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, lakini jina la udongo limebaki. Kipimo chake katika mashindano ya kimataifa ni upana wa milimita 110 na uzito wa karibu gramu 105. Mtu akiiweka kiganjani hujaa kiganja.

Yako mashindano ya namna mbili ambayo hujulikana zaidi. Ya kwanza ni trapu, ambamo mashine hufichwa katika handaki mbele ya mpigaji, umbali wa mita 15, na sahani hutoka ikimkimbia, wakati mwingine kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, bila ya yeye kujua kama itakwenda kushoto, kulia au moja kwa moja. Ya pili ni skiti, ambamo sahani hutoka katika vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, zikapita mbele ya mpigaji kwa njia anayoijua, naye huhama kituo baada ya kituo hadi kutimiza vituo 8. Katika yote mawili mzunguko mmoja una sahani 25.

Mchezo huu si wa mataifa makubwa peke yake. Fehaid Al-Deehani, askari wa jeshi la Kuwait, alipata nishani ya shaba mwaka 2000 na nyingine mwaka 2012, na hatimaye dhahabu mjini Rio de Janeiro mwaka 2016. Mwaka 2024 mjini Paris, Adriana Ruano aliipatia Guatemala nishani yake ya kwanza ya dhahabu tangu nchi hiyo ianze kushiriki Olimpiki. Msichana huyo alikuwa mchezaji wa sarakasi za viungo hadi alipoumia mgongo, ndipo akageukia shabaha.

Wala si mchezo wa wavulana peke yao. Mwaka 1992 mjini Barcelona wanaume na wanawake walishindana pamoja katika skiti. Zhang Shan, binti wa Kichina mwenye umri wa miaka 24, alivunja sahani 200 kati ya 200 za hatua za mwanzo, akamaliza kwa jumla ya 223 kati ya 225 na kuchukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Mwaka 1996 wanawake hawakuwekewa shindano la skiti, na walipata la kwao mwaka 2000. Baba anayedhani kwamba binti yake hafai kwa mchezo huu na aikumbuke hesabu hiyo ya 200 kati ya 200.

KIPIMO CHA MTUTU

Bunduki inayotumika ni ile ya marisawa, si ile ya risasi moja. Ganda lake hubeba vipande vidogo vya risasi, ambavyo hutoka mtutuni vikatawanyika kama mchanga uliotupwa. Ganda la gramu 24 lenye marisawa ya ukubwa wa kawaida wa mchezo huu huwa na vipande karibu 300. Kazi ya mpigaji ni kuifikisha tawanyiko hiyo mahali ambapo sahani itakuwapo.

Bunduki hizi hupimwa kwa hesabu ya kale ambayo huwachanganya watu wengi. Kipimo cha 12 maana yake ni kwamba mipira 12 ya risasi, kila mmoja ukitosha sawasawa katika mtutu, hutimiza ratili moja, yaani karibu gramu 453. Kwa hiyo namba inapokuwa kubwa mtutu huwa mwembamba. Mtutu wa kipimo cha 12 una upana wa karibu milimita 18.5, na ule wa kipimo cha 20 karibu milimita 15.6. Iko pia bunduki ndogo zaidi ambayo haihesabiwi kwa mipira bali kwa sehemu za inchi, yaani ile ya 0.410, ambayo upana wake ni karibu milimita 10.4.

Wazazi wengi wakiiona hiyo ndogo husema, “Hii ndiyo ya mtoto.” Kwa kweli ni nyepesi na haina teke kali. Lakini ganda lake la kawaida hubeba gramu 14 hivi, yaani vipande karibu 170 tu. Mtoto akikosa sahani mara 20 kati ya 25, hatajua kwamba ni bunduki iliyomnyima. Atajiona yeye ndiye asiyefaa. Bunduki ndogo kuliko zote ni chombo cha fundi aliyekwisha kuhitimu. Kwa mwanafunzi aghalabu hugeuka kuwa kikwazo.

Wengine hufanya kinyume. Husema, “Mashindano makubwa hutumia kipimo cha 12, basi na aanze nacho.” Hapa hapana budi kuijua siri ya teke la bunduki. Mtu aliyesimama katika mtumbwi mdogo akiruka kwenda pwani, mtumbwi hurudi nyuma kwa nguvu. Akiruka kutoka katika mashua nzito, mashua husogea kidogo tu. Bunduki nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa nyepesi na ganda lake ni zito, hurudi begani kwa kishindo; ikiwa nzito kiasi na ganda lake ni jepesi, husukuma kwa upole. Basi bunduki mbaya kuliko zote kwa kijana ni ile ya kipimo cha 12 iliyopunguzwa uzito ili iwe rahisi kubeba, kisha ikatiwa magamba makali ya kuwindia. Kijana atapigwa begani mara tatu, na mara ya nne atafumba macho kabla ya kufyatua. Tabia hiyo ya kufumba macho ikishaingia, kuiondoa huchukua miezi mingi.

Njia ya kati ndiyo njema. Kijana mwembamba wa miaka 12 hadi 14 hufaa kuanza na kipimo cha 20, bunduki yenye uzito wa karibu kilo 2.7 hadi 3, pamoja na magamba ya gramu 21. Kijana aliyekwisha kukomaa mabega anaweza kuanza na kipimo cha 12, bunduki ya kilo 3.3 au zaidi, mradi magamba yawe ya gramu 21 au 24 na si zaidi. Hata katika mashindano ya kimataifa ganda halibebi zaidi ya gramu 24 na ushei. Hakuna sababu ya mtoto kupigwa na nguvu ambazo hata bingwa wa dunia haruhusiwi kuzitumia.

AINA YA BUNDUKI

Yako maumbo manne. Bunduki ya pampu, ambayo askari wengi wameizoea kwa walinzi wa mabenki na maduka, ni imara na si ghali, lakini hairuhusiwi katika mashindano ya kimataifa ya trapu na skiti. Mzazi akiinunua leo atalazimika kununua nyingine kesho. Bunduki ya kujipakia yenyewe hupunguza teke kwa kutumia sehemu ya gesi ya baruti, na kwa sababu hiyo huwafaa vijana wepesi. Kasoro yake ni kwamba mtu aliye mbali hawezi kuona mara moja kama ina ganda ndani. Tena nyingi hutupa maganda upande wa kulia, jambo linalomsumbua mpigaji wa mkono wa kushoto.

Bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu ni nzuri kwa kuwinda, lakini upana wake huziba sehemu ya macho. Ile ya mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, ndiyo inayotumiwa na karibu mabingwa wote. Faida yake ya kwanza kwa kijana si ushindi bali ni usalama: ikikunjuliwa, kila mtu uwanjani huona mitutu iko wazi na mitupu. Kocha, mama na hata mtoto mdogo aliye kando wanaweza kuhakikisha kwa jicho. Kwa sababu hiyo peke yake, wenye uwezo wa kuchagua na waichague hiyo.

KUPIMA KWA MWILI WA MTOTO

Askari hujua kwamba buti isiyomtosha humlemaza katika gwaride. Bunduki ya marisawa ni kama buti. Isipomtosha mpigaji, ufundi wote hupotea. Vipimo vifuatavyo vyaweza kufanywa bila ya ganda lolote, baada ya mtu mzima kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu.

Kwanza, kijana na ainue bunduki begani na kuishika hivyo kwa muda wa kuhesabu polepole hadi 30. Akianza kujipinda nyuma ili kuusawazisha uzito, bunduki hiyo ni nzito mno kwake kwa sasa.

Pili, urefu wa kitako. Bunduki ikiwa begani na shavu likiwa limelala mahali pake, kati ya pua na kidole gumba cha mkono unaofyatua pabaki nafasi ya upana wa vidole viwili au vitatu. Pasipobaki nafasi, kidole kitampiga puani. Ikibaki nafasi kubwa, kitako ni kirefu, na kitanasa nguoni kila anapoinua. Kitako cha mtu mzima huwa na urefu wa karibu sentimita 36 au 37 kutoka kwenye kifyatulio. Kijana wengi huwafaa sentimita 31 hadi 33. Seremala wa bunduki aweza kukikata kitako, lakini kipande kilichokatwa kitunzwe, kwa maana mtoto atakua na kitarudishwa. Ziko pia bunduki za vijana zenye vipande vya kuongezea nyuma ya kitako kadiri mtoto anavyorefuka.

Tatu, kimo cha shavu. Katika bunduki hii jicho ndilo shabaha ya nyuma. Jicho likiwa chini mno halioni chochote isipokuwa chuma. Likiwa juu mno, marisawa huenda juu ya sahani. Kijana alaze shavu bila ya kujilazimisha, na aone ukanda wa juu wa mtutu ukinyooka mbele yake kama barabara inayoonekana kutoka kilimani.

Nne, jicho lenye nguvu. Kijana anyooshe mikono yote miwili mbele, akutanishe viganja hadi libaki tundu dogo, atazame kitu kilicho mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo lenye nguvu. Yule anayetumia mkono wa kulia na jicho lake lenye nguvu ni la kushoto atakosa sahani bila ya kujua kisa. Dawa yake ni kujifunza mapema kupiga kwa bega la kushoto, au kubandika kipande kidogo cha karatasi kwenye kioo cha kushoto cha miwani.

BABA ASIWE MWALIMU PEKE YAKE

Hapa pana jambo ambalo askari wengi hawapendi kulisikia. Ufundi wa bunduki ya vita haumfundishi mtu ufundi wa sahani. Kwa bunduki ya vita askari hufunzwa kufumba jicho moja, kuzuia pumzi, kulinganisha shabaha na kubana kifyatulio polepole, kwa sababu lengo limetulia. Sahani haitulii. Mpigaji wa marisawa huweka macho yote mawili wazi, huitazama sahani na si mtutu, huuzungusha mwili pamoja nayo, hufyatua akiwa bado anazunguka, na huendelea kuzunguka hata baada ya mlio. Akisimamisha mtutu ili alenge vizuri, marisawa hupita nyuma ya sahani. Sajini hodari katika uwanja wa shabaha wa kambini aweza kumharibu mtoto wake kwa kumfundisha yale yale yaliyompatia yeye sifa.

Tena bunduki ya kazi haihusiki hata kidogo na somo hili. Imetolewa kwa jina la askari na kwa kazi ya umma. Nchi hii ina kumbukumbu ya yale yanayotokea silaha ya serikali inapotoka mahali pake: mwaka 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na kwa miaka mingi baadaye wafugaji wa Karamoja na jirani zao walilipa kwa damu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na tuchukue mfano. Sajini wa polisi anaishi Sikuda na mkewe mwalimu na watoto wanne. Binti yao wa miaka 14 ameupenda mchezo wa sahani. Shemeji mtu anayefanya biashara upande wa pili wa mpaka anakuja Jumapili na habari njema. “Shemeji,” asema, “kuna mzee anauza bunduki ya mitutu miwili. Bei ni ya kutupa. Nitaileta mwenyewe ndani ya gunia la mahindi. Pale njia za panya ni nyingi.” Binti anashangilia, “Asante, Mjomba!” Mama anamtazama mumewe na kusema taratibu, “Baba watoto, wewe ndiye unayewakamata wenye magunia hayo.”

Maneno ya mama huyo yana uzito wa sheria. Ni kweli kwamba tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ianze kutumika mwaka 2010, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kifunguliwe rasmi mwaka 2018, watu na bidhaa hupita kwa urahisi kuliko zamani. Iteso na Samia wa pande zote mbili hutembeleana kama ndugu walio ua mmoja. Lakini uhuru huo haukuzihusu silaha. Uganda ina Sheria yake ya Silaha ya mwaka 1970, na Kenya ina yake pamoja na Bodi yake ya Leseni za Silaha. Cheti cha nchi moja si cheti cha nchi nyingine. Aidha, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 ili kuzuia silaha ndogo ndogo zisizagae, na mojawapo ya makubaliano yake ni kwamba silaha zitiwe alama na ziandikishwe. Bunduki iliyopita katika gunia haina alama wala daftari. Siku itakapotumiwa na mwizi, jina litakalotafutwa ni la nyumba ilikotoka.

Kadhalika bei ya kutupa ina sababu yake. Mtutu wa zamani ulioliwa na kutu, au wenye uvimbe usioonekana kwa haraka, waweza kupasuka mkononi. Zile bunduki zinazofuliwa kienyeji kwa mabomba ya maji ni hatari zaidi, maana bomba halikutengenezwa kuhimili baruti. Mzazi asiyekubali mwanawe apande basi lisilo na breki asikubali aweke shavu juu ya chuma asichokijua.

Basi sajini wa mfano wetu afanye nini? Kwanza aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kuuliza, kwa mdomo na kwa maandishi, sheria inamruhusu nini yeye na inamruhusu nini binti yake. Ajue kwamba cheti kikitolewa, mwenye kumiliki ni mtu mzima; mtoto hutumia tu mbele ya mtu mzima huyo au kocha, mahali palipokubaliwa. Pili, atafute uwanja na chama kilichoandikishwa kabla ya kutafuta bunduki. Bunduki isiyo na uwanja ni balaa tupu. Mashamba ya Sikuda yamepakana, hapa mihogo na pale nyumba, na karibu na Tiira wachimbaji wa dhahabu wamejaa mashimoni. Marisawa madogo ya mchezo huu huweza kufika mita 200 na zaidi, na viwanja huacha karibu mita 275 mbele bila ya mtu. Hakuna shamba la familia lenye nafasi hiyo.

MAGAMBA YA MANJANO

Nyumba yenye bunduki ya kipimo cha 20 haina budi kuijua kanuni moja kuliko zote. Ganda la kipimo cha 20 likitiwa kwa makosa katika bunduki ya kipimo cha 12, halikai mahali pake wala halianguki; huteleza na kunasa ndani ya mtutu. Mpigaji hudhani chemba ni tupu, hutia ganda la 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na vidole vyake. Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza magamba ya kipimo cha 20 kwa rangi ya manjano. Magamba ya vipimo viwili yasichanganywe kamwe, si katika mfuko mmoja wala mezani.

Masikio nayo yalindwe. Mlio wa bunduki hii huzidi desibeli 140, na sikio la mtoto likishaharibika halitengenezeki. Vizibo vya masikio na miwani migumu vivaliwe na kila aliye uwanjani, hata watazamaji. Vilevile risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kijana anayepiga magamba 100 kila juma kwa majuma 50 atakuwa amepiga magamba 5,000, na kama kila moja lina gramu 24, atakuwa amemwaga ardhini kilo 120 za risasi. Watu wa Sikuda waliokwisha kuonywa juu ya zebaki ya machimboni wataelewa upesi. Kijana asile uwanjani, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Hesabu hiyo ya 5,000 inaonyesha pia kwamba gharama kubwa si bunduki bali magamba. Mzazi aliyetumia akiba yote kwa bunduki ya fahari atabaki na chuma kizuri ukutani na mtoto asiye na mazoezi. Ni heri bunduki ya kawaida iliyokwisha kutumika, yenye karatasi zake kamili na iliyokaguliwa na fundi, na fedha zinazobaki ziende kwa kocha na magamba.

ITALALA WAPI USIKU?

Swali la mwisho ndilo linalopaswa kuamua yote. Bunduki ya nyumbani hulala katika kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa skrubu, na magamba hulala mahali pengine penye kufuli jingine. Ufunguo hukaa na mtu mzima. Mtoto hata awe bingwa hapewi. Wala isiachwe garini. Kimberly Rhode wa Marekani, aliyechukua dhahabu mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 17, aliibiwa garini mwaka 2008 bunduki aliyokuwa ameshindana nayo kwa miaka mingi, na ilipatikana mwaka uliofuata.

Familia nyingi za askari huishi katika chumba kimoja au viwili, watoto wakilala karibu na sanduku la nguo. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna mahali pa bunduki ya michezo, na mzazi asione haya kulisema hilo. Bunduki inayomfaa mtoto wake ni ile ya chama, inayotolewa ghalani asubuhi kwa sahihi na kurudishwa jioni kwa sahihi. Kama hakuna chama karibu, mtoto na aanze na yale yasiyohitaji baruti: kupima jicho, mazoezi ya mabega, na kuufuata kwa macho na kwa mkono mpira uliorushwa na ndugu yake.

Ni vyema pia kijana aambiwe ukweli kuhusu njia iliyo mbele yake. Shabaha iliingia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, lakini haikuwekwa katika ile ya Birmingham ya mwaka 2022 wala katika ratiba ya Glasgow ya mwaka 2026. Mlango huo umefungwa kwa sasa. Ule wa Olimpiki ungali wazi. Anayeingia na aingie kwa kupenda nidhamu ya mchezo, si kwa tamaa ya safari.

Kwa ufupi, wazazi wafuate utaratibu huu: sheria kwanza, kisha uwanja na kocha, kisha mahali pa kuhifadhi, kisha kipimo cha mwili wa mtoto, na bunduki yenyewe iwe ya mwisho. Lolote kati ya hayo likikosekana, ununuzi na usubiri. Mtoto atanuna mwezi mmoja au miwili. Nyumba itakuwa salama, naye sajini ataendelea kulala usingizi wake.